Dakika ya Sabini na Moja

Wewe ulikuwepo. Usijipapase mfukoni kutafuta simu, hakuna aliyekupigia. Ulikuwepo ukumbini siku ya pili ya onyesho, saa nane mchana, umekaa safu za kati na bisi mapajani, na ilipofika dakika ya sabini na moja ya Kisima cha Angani ulicheka. Ulicheka mpaka ukampiga jirani yako begani. Kisha ukatoka, ukasema filamu ni takataka, ukaenda zako. Kuhusu takataka hatugombani. Tunagombana kuhusu kile ulichokiona, ukageuza macho.

Kwa aliyesahau, maana kusahau ndiyo kazi mnayoipenda kuliko zote, filamu yenyewe ilikuwa hivi. Sayari kavu, watu wachache waliobaki, na kisima kirefu ambacho hakuna aliyewahi kufika chini yake. Nusu ya kwanza, mtu anatembea. Anatembea jangwani dakika kumi na moja bila neno, unasikia pumzi zake ndani ya kofia ya kioo, unasubiri, unaanza hata kumwonea huruma. Halafu, bila hodi, milipuko. Mtu yuleyule sasa ana bunduki ya mwanga na utani mdomoni, ndevu zimepotea, kovu limehama kutoka shavu la kushoto kwenda la kulia. Msichana wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, "Huyu ni pacha wake?" Kuanzia hapo hamkujizuia tena. Na ilipofika dakika ile, mtu wa sayari akiwa ananing'inia kwenye kamba juu ya mdomo wa kisima, kamera ikimtazama usoni, mkaona kwenye kioo cha kofia yake, huko kwenye jangwa lisilo na watu, bwana mmoja mwenye fulana na kofia nyekundu ya jua. Bwana yule akashusha mkono. Wa kwenye kamba akaanguka.

"Sayari imepata kocha," mtu wa nyuma akasema. Mkavunjika mbavu.

Safu ya nane, kiti cha pembeni, alikaa mwanamke ambaye hakucheka. Alishika ukingo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyepatwa na kizunguzungu. Wenzake kazini humwita Mama Daftari. Yule aliyeanguka, siyo mhusika, ule mwili wenyewe ulioanguka, ni mume wa mdogo wake.

Kazi ya Mama Daftari ni kukumbuka. Filamu haipigwi kwa mpangilio. Leo mnapiga mwisho, wiki ijayo mnapiga mwanzo, na lazima awepo mtu wa kuandika kikombe kilikuwa mkono gani, kifungo gani kilikuwa wazi, mshumaa ulikuwa umebaki kiasi gani. Miaka ishirini na miwili ameandika vitu hivyo. Filamu ikiwa na kovu linalohama, watu wa kazi humtazama yeye. Kwa hiyo pale ukumbini alikuwa na aibu hata kabla ya kuwa na hasira, kwa sababu alijua jinsi kovu lile lilivyohama, na alijua kwamba aliandika, na kwamba hakuna aliyesoma.

Mambo yalianza hivi. Kampuni ilimpa filamu mzee mmoja mwembamba ambaye watu wa seti walimwita Kobe. Kobe alikuwa hapigi kelele. Alisema sauti ya mwongozaji inabaki kwenye nyuso za waigizaji hata ukiikata. Akiinua mkono, ujue jiandae. Akiushusha, anza. Na kamera yake haizimwi. Alipenda iendelee kula picha hata watu wakifunga kamba za viatu, akidai ukweli huingia pale watu wanapodhani hawatazamwi. Baada ya wiki tatu wakubwa wakaitazama kazi yake, wawili wakasinzia. Hawakumfukuza. Wangemfukuza ingekuwa afadhali. Walimleta wa pili.

Wa pili alitoka kwenye matangazo ya sabuni, kijana mwenye mwendo wa mtu anayechelewa, kofia nyekundu haimtoki kichwani. Huyo walimwita Pilipili. Pilipili akitaka kuanza hupiga ukelele, "Twende." Akitaka kusimamisha hushusha mkono mbele ya tumbo kama anayefunika sufuria. Basi. Vunjeni. Na kila mmoja kati ya hawa wawili aliitwa peke yake ofisini, mlango ukafungwa, akaambiwa, "Filamu ni yako."

Wakagawana siku. Asubuhi mpaka saa sita ni ya Kobe, mchana ni ya Pilipili. Watu walewale, taa zilezile, kisima kilekile cha mbao kilichopakwa rangi ya mwamba, mita kumi na mbili kutoka mdomo mpaka sakafu. Asubuhi mkono ukishuka ni anza. Mchana mkono ukishuka ni acha.

Mama Daftari aliliona mapema. Aliandika karatasi ya mistari minne, akaomba ishara iwe moja kwa siku nzima na wote wawili waweke sahihi. Kobe aliisoma taratibu kama anavyosoma kila kitu.

"Mwanangu," akasema, "watu wangu wananijua. Ukiwaandikia sheria wataanza kuitazama karatasi badala ya kunitazama mimi."

Pilipili hakuimaliza. "Dada yangu, mimi siyo askari wa barabarani. Ongea na mzee wako huyo."

Karatasi ikarudi haina sahihi. Akaibandika mgongoni mwa daftari kwa gundi, ndani ya jalada. Bado ipo.

Sasa sikiliza siku yenyewe, na safari hii usitazame pembeni.

Ilikuwa Jumanne, saa sita kasoro. Mtu wa sayari ambaye uso wake uko kwenye mabango alikuwa amekaa kivulini anakunywa maji. Aliyening'inia juu ya kisima alikuwa Manyoya, mcheza hatari, miaka kumi na tisa anaanguka kwa niaba ya watu wengine. Jina hilo alipewa kwa jinsi anavyotua. Alikuwa kwenye kamba ya kwanza, ile ya winchi, mtambo wa kupandishia na kushushia. Kamba ya pili, ile inayomdaka mtu endapo ya kwanza itaachia, ilikuwa bado mkononi mwa mfunga kamba aliyekuwa anapanda ngazi. Kobe amechuchumaa nyuma ya kioo chake cha kutazamia picha. Kamera, kama kawaida yake, inakula. Fundi winchi yuko juu ya jukwaa, taa zinampiga usoni, anasubiri mkono.

Pilipili alifika kabla ya zamu yake. Akasimama pembeni ya kamera, akatazama saa, akaona mzee bado anavuta muda, naye akafanya anachokifanya kila siku akitaka watu waache. Alishusha mkono mbele ya tumbo. Basi. Vunjeni. Zamu yangu.

Bado ilikuwa asubuhi. Asubuhi, mkono ukishuka ni anza. Fundi winchi akaachia breki.

Mama Daftari wakati huo alikuwa ameinamisha kichwa anaandika saa. Tano na dakika hamsini na mbili. Alikuwa hajamaliza mkia wa tarakimu ya mwisho aliposikia kamba inaimba, kisha mshindo kama gunia linapotupwa kutoka kwenye lori. Alipoinua macho, Pilipili alikuwa na mikono mfukoni.

Kuna mstari katika daftari, chini ya saa, unaouliza ishara ilitolewa na nani. Siku ile ulibaki mtupu. Hakuona. Mtu anayelipwa kuona, kwa sekunde mbili alizotakiwa kuona, alikuwa anatazama wino wake.

Kampuni ikasema Manyoya mwenyewe aliinua kidole gumba kabla kamba ya pili haijafungwa. Mzembe. Ikasema Pilipili hakuwepo. Alikuwa kwenye gari lake anasoma. Neno hilo la mzembe tunalijua sisi wafanyakazi. Tulilisikia kwa fundi rangi aliyedondoka kwenye lile jengo mlilokwenda kukata utepe. Tulilisikia kwa yule mama aliyeacha vidole viwili kwenye mashine ya kiwanda cha mashati, na shati mnalo. Kila mara mliambiwa mzembe, mkaitikia kwa kichwa, mkaendelea na mambo yenu.

Na anguko lile lilikuwa zuri kwenye picha. Ndivyo walivyosema: zuri, la kweli. Wakalitia kwenye filamu. Kwa kuwa waongozaji walikuwa hawasalimiani, filamu ilikatwa katika vyumba viwili, nusu ya Kobe huku, nusu ya Pilipili kule. Kipande cha kisima kilikuwa mpakani. Chumba hiki kilidhani kile kitasafisha kioo cha kofia, kile kikadhani hiki kimeshasafisha. Mama Daftari alikuwa ameshaondolewa kazini. Kwa hiyo ukweli ukaingia ukumbini kama kosa, na mkaulipia tiketi ili mcheke.

Kutoka ukumbini alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Kitanda cha Manyoya kimewekwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani ni mwembamba. Daktari alikuwa ameshasema: upasuaji wa pili wa mgongo ufanyike kabla mwezi haujaisha, la sivyo miguu isahauliwe. Kampuni ilikuwa imeshasema: uzembe wa mtu hauna matibabu. Katikati ya maneno hayo mawili kulikuwa na baraza la kazi, linaloweza kuilazimisha kampuni ilipe, na kikao kilikuwa Jumatatu.

"Shemeji," Manyoya akasema akitazama dari, maana shingo haigeuki, "nasikia nimekuwa nyota."

"Nani kakwambia?"

"Jirani. Kaja hapa na uso wa msiba, kaniambia ndugu yangu, umeanguka vibaya mle. Miaka kumi na tisa naanguka, leo mtu ananifundisha kuanguka."

"Kwa kweli ulianguka vibaya."

"Nikipona nitarudia. Mwambie Kobe kamera isizimwe."

Mdogo wake alikuwa anakunja shuka, analikunja lilelile kwa mara ya tatu. "Dada, usicheke naye. Niambie. Umeona au hujaona?"

"Nimeona. Kwenye kioo cha kofia. Ni yeye, na mkono unashuka."

"Basi andika."

"Niandike nini?"

"Mstari si upo mtupu? Umeona kwa macho yako, kalamu unayo. Andika Pilipili. Siyo uongo."

Mama Daftari akalitoa daftari kwenye mkoba, akalifungua ukurasa ule. Kalamu ilikuwa ileile. Akaiweka ncha juu ya karatasi, na nukta ndogo ya wino ikaanza kukua.

"Siyo uongo," mdogo wake akarudia, taratibu zaidi.

"Shemeji," Manyoya akasema. "Siku ile ulimwona?"

"Siku ile hapana."

"Basi liache. Wale wana watu wa kunusa wino. Wakikuta neno moja la jana kwenye ukurasa wa mwezi wa tatu, watachana hata kurasa zako za vikombe na vifungo." Akapumua. "Na mimi nitabaki mzembe mwenye shemeji mwongo. Bora mzembe peke yake."

Mkewe akaliweka shuka chini, akaenda jikoni, na wakasikia maji yanafunguliwa na hayafungwi.

Jumatatu, chumba namba sita, ghorofa ya pili. Feni ya darini inagonga kila mzunguko. Watu watatu nyuma ya meza, katikati yao mwenyekiti, mama mwenye miwani ya kamba shingoni. Upande ule wakili wa kampuni na Pilipili, kofia yake nyekundu imelala gotini. Upande huu Mama Daftari na mdogo wake. Nukta ya wino ilikuwa palepale kwenye mstari, na kalamu alikuwa nayo mkononi tangu alipokuwa kwenye korido.

Wakaanza na fundi winchi. "Niliona mkono umeshuka," akasema. "Wa nani sijui. Taa zilikuwa usoni. Mkono hauna sura."

Wakamuuliza Kobe. Kobe alijibu kwa ile sauti yake ya kuchunga picha isivunjike: "Mimi nilikuwa natazama picha." Alikaa, akatazama viatu vyake, na huyo ndiye aliyetufundisha habari za ukweli.

Kisha wakili akaleta filamu. "Nakala rasmi ya kampuni," akasema. Chumba kikatiwa giza, dakika ya sabini na moja ikapita ukutani. Manyoya akaning'inia, kamera ikamsogelea. Kwenye kioo cha kofia kulikuwa na vilima vya mchanga. Vilima safi, vya jangwa lisilo na watu. Mama Daftari akasimama.

"Siyo hii," akasema.

"Ndiyo filamu, mama."

Akatoa simu. Alikuwa amerudi ukumbini, akarekodi, lakini kwa haraka na kwa kificho, na mlinzi akamtoa kabla hajamaliza. Lilionekana doa jekundu na ukungu. Wakili aliitazama kwa adabu yote. "Siku hizi hata mtoto anatengeneza kitu kama hiki kabla ya chakula cha mchana."

Mwenyekiti akavaa miwani. "Leta daftari." Akalisoma kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kulisoma. Alisoma mpaka ile karatasi ya mistari minne isiyo na sahihi, akampa wa kushoto, akampa wa kulia. Feni ikagonga. "Mwenye kofia. Ulikuwa wapi saa tano na dakika hamsini na mbili?"

"Kwenye gari," Pilipili akasema. "Nasoma."

"Mama. Hapa pameandikwa ishara ya nani, halafu kuna nukta. Ulimwona huyu bwana akishusha mkono?"

Nyuma yake mdogo wake aliinamia mbele. Lilikuwa neno moja tu. Neno la herufi tano, na miguu ya mtu iko ndani yake. Pilipili alikuwa anamtazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka.

"Sikumwona," Mama Daftari akasema. "Nilikuwa nimeinama naandika saa."

Mdogo wake akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango.

"Lakini nimemwona kwenye filamu. Siyo hiyo ya mchanga. Ile iliyoko ukumbini. Ukumbi mzima ulimwona. Walicheka."

"Wewe ni shemeji yake," mwenyekiti akasema, siyo kwa ukali.

"Ndiyo."

"Basi niletee aliyecheka. Mmoja. Asiye ndugu, asiye mfanyakazi wao, mwenye tiketi ya onyesho. Aje aniambie alichokiona. Ijumaa saa nne asubuhi. Akikosekana nafunga shauri kwa nilichonacho, na nilichonacho ni mchanga."

Kuanzia Jumanne Mama Daftari amesimama kwenye mlango wa ukumbi kila onyesho linapotoka, karatasi na kalamu mkononi. Nakala ya zamani ilikuwa bado inaonyeshwa humo. Msimamizi alisema mpya inakuja Alhamisi. Wanatoka kumi na tano, ishirini, wanafikicha macho kwa mwanga wa mchana.

Mwanamke mmoja alisema aliona, ila mambo ya baraza hayataki. Mzee mmoja alisema dakika ile alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu. Jana alitoka kijana mwenye fulana ya milia, akamhadithia bila hata kuombwa, anacheka, anaigiza: kofia nyekundu, kitambi kidogo, mkono hivi, chini, halafu puu. Kila kitu. Mkono ulishuka pale mbele ya tumbo kabisa, kama anayefunika sufuria. Mama Daftari akamnyooshea kalamu.

"Ya nini?" kijana akauliza.

"Uandike hicho ulichosema. Na uje Ijumaa ukiseme."

"Kwa nani?"

"Barazani. Yule aliyeanguka alianguka kweli."

Kicheko kikamtoka usoni polepole. Akatazama kalamu, akatazama barabara. "Mama, mimi nilidhani ni vichekesho tu," akasema, akavuka upande wa pili kabla magari hayajasimama vizuri.

Leo ni Alhamisi. Saa nane wameonyesha nakala mpya na hakuna aliyecheka dakika ya sabini na moja, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Ulikuwa mchanga tu, na mtu anaanguka. Manyoya yuko sebuleni anahesabu nyufa za dari. Mama Daftari ameinama kwenye ngazi za ukumbi, anaandika saa, siku, idadi ya waliotoka, na mstari wa jina la shahidi ameuacha mtupu. Hataujaza yeye.

Tiketi yako iko kwenye mfuko wa ile suruali uliyovaa siku ile. Inuka uitafute, sasa, kabla hujafunga ukurasa huu. Kesho saa nne asubuhi, ghorofa ya pili, chumba namba sita. Usiongeze neno wala usipunguze. Sema kofia ilikuwa nyekundu, sema mkono ulishuka, sema ulicheka. Kisha mtazame mwenye kofia, na safari hii usigeuze macho. Nenda.